Niliowaitikia Chini ya Kuba

Nimefungua chupa ya maji ya waridi jikoni kwetu, mtaa wa Al Twar, harufu ikanirudisha msikitini Isfahan. Bibi alinichukua kutoka Dubai kwenda kuzuru misikiti ya huko. Katika ule mkubwa wa vigae vya buluu, alisimama chini ya kuba akaniita kwa jina. Sauti ikarudi kutoka juu, ikaniita tena, na tena. Nilifunzwa adabu, basi kila mara nikajibu, "Labeka, bibi."

Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi.

"Mimi nimekuita mara moja," alisema polepole. "Hao wengine uliowaitikia ni nani?"

Leo niko peke yangu nyumbani. Nimeshaitwa mara mbili. Nimefunga chupa, sijaitika.