Nyevu, Salamu na Sahani

Miaka ile ya themanini, kabla daraja la Kilifi halijajengwa, gari la kwenda Malindi lilipofika Mnarani lilizimwa, na abiria wakashuka kungoja feri. Wenye njaa waliingia hoteli ya Njoroge, na aliyewahudumia alikuwa Nyevu, mjane wa Kigiriama mwenye watoto wadogo, mkubwa wao Kalama. Feri haikumngoja mtu. Chakula kikichelewa, au kikienda kwa asiye mwenyewe, abiria aliondoka na njaa yake, na matusi akamwachia Njoroge.

Sasa Nyevu alikuwa na kasoro moja, na kasoro yenyewe ilitokana na malezi mema. Kuandika hakujua, kwa hiyo maagizo aliyabeba mdomoni. Akitoka mezani alinong'ona njia nzima: "Wali samaki, sima mchicha, chapati maharagwe, wali samaki, sima mchicha..." Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa. Lakini kati ya meza na jikoni hakukosekana mzee aliyemjua marehemu mumewe, au mama wa kwao Ganda, na Mgiriama aliyefunzwa hampiti mtu mzima kama anayepita gogo. Nyevu alisimama akaamkia. Umeamkaje, watoto wameamkaje, mahindi yamefikia wapi, yule bibi mgonjwa je? Salamu zikiisha, mdomoni hamna wali wala sima. Maneno mapya yameshayafukuza ya kwanza, na Adhiambo mpishi yuko dirishani, upawa mkononi.

"Haya, sema, Mama Kalama. Nipakue nini?"

Hapo Nyevu alikisia, na akikisia alikosea. Msafiri mmoja aliyeomba chai ya rangi aliwekewa bakuli la supu ya kichwa cha mbuzi.

Njoroge, mtu wa bara, mwepesi wa kazi na mzito wa kusalimu, akamwita kando. "Mama Kalama, hii salamu yako itaniulia biashara. Watu wanataka chakula, hawataki habari ya mahindi. Mwisho wa mwezi ikiwa ni hivi hivi, nitatafuta mtu mwingine."

Laiti ingekuwa kazi tu. Mumewe alipofariki, wazee walikaa wakaamua arithiwe na Fondo, kaka wa marehemu, kama desturi ilivyotaka. Nyevu alikataa mbele ya wote. Alisema atajilisha yeye na wanawe kwa mikono yake. Wazee wakacheka, wakamwachia kwa sharti moja: siku kazi itakapomshinda, atarudi Ganda bila neno. Fondo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili na sauti kubwa, na Nyevu hakumtaka. Hilo lilitosha.

Angeacha kusalimu? Alijaribu. Asubuhi moja alimpita bibi mmoja huku amekaza midomo, na yule bibi akauliza, hoteli nzima ikisikia, mkwe wa watu amekuwa bubu tangu lini. Nyevu aliona haya mpaka machozi yakamlengalenga. La, kusalimu hataacha. Dawa itabidi itoke kwingine.

Ilitoka kwenye ndevu. Mzee mmoja alimshika mkono akamuulizia ukoo mzima, na maagizo yote yakapotea isipokuwa moja. Bwana mmoja mwenye ndevu nyingi alikuwa ameomba mchuzi wa samaki, na Nyevu, bila kukusudia, alikuwa amemwona akilini mwake mchuzi ukimchuruzika ndevuni. Maneno yalikwenda zake, ndevu zikabaki. Nyevu akasimama katikati ya hoteli akicheka peke yake. Kumbe mdomo unaweza kusalimu huku macho yamebeba sahani!

Tangu siku hiyo akaanza kuwavika watu vyakula. Mwenye kofia alitiwa samaki juu ya kofia. Mwenye koti alijazwa maharagwe mifukoni, na msichana wa herini akatundikwa chapati masikioni. Nyevu akawa anasalimu apendavyo, na akifika dirishani anawatazama wateja wake kwa akili na kutaja alivyowavika. Alikosea bado, hasa alipokodolea macho magari yaliyojipanga foleni, maana picha nazo huchanganyika macho yakipewa kazi nyingine. Basi akajikataza kutazama nje. Adhiambo akasema Mama Kalama siku hizi ana maringo ya macho.

"Acha niwe nayo," Nyevu akajibu.

Siku ya mwisho wa mwezi, Fondo akatokea. Alikuwa anatoka Mariakani kwa mambo ya ng'ombe, akaona ampitie shemeji yake. Alikaa pembeni na kikapu kikubwa kitupu, cha kubebea vyombo vya Nyevu, maana onyo la Njoroge lilikuwa limeshafika Ganda. Njoroge naye alisimama mlangoni amekunja mikono. Na hapo likafika basi la wanawake waliotoka harusini, hoteli ikajaa.

Wote walivaa leso za sare. Rangi moja, maua yale yale, vichwa vimefungwa namna moja. Nyevu alimtwika wa kwanza maharagwe juu ya leso, wa pili wali juu ya leso, na alipofika kwa wa tatu hakujua tena maharagwe yako kwa nani. Mtu akapaza sauti kwamba feri imeanza kurudi.

Akakitazama kikapu cha Fondo. Hicho, akasema moyoni, kitarudi Ganda kitupu.

Akamrudia mwanamke wa kwanza, akamshika mkono. "Umeamkaje, mama? Watokea wapi? Nyumbani hawajambo?"

Njoroge akaguna kwa nguvu. Nyevu hakugeuka.

"Twatoka Matsangoni," akajibu yule mwanamke. "Hatujambo, ila mbuzi wangu waugua."

"Pole, mama. Nikuletee nini?"

"Chapati na maharagwe."

Nyevu akamwona mbuzi mgonjwa akitafuna maharagwe. Wa pili, binti yake alikuwa amejifungua mapacha. Nyevu akawalaza mapacha kwenye wali mweupe. Wa tatu paa lake lilikuwa likivuja, basi makutini ukadondoka mchuzi. Akaenda hivyo meza hadi meza, hakumruka mtu, kila habari akiifanya picha na kila picha akiipa chakula. Salamu zilizokuwa zikimwibia maagizo, sasa ndizo zilizomshikia.

Dirishani alitaja vyote bila kusita, akaanza kugawa. Yule mwanamke wa kwanza akaidaka sahani ya wali.

"Hapana, mama," Nyevu akasema. "Wewe ni wa mbuzi. Wali ni wa mapacha."

Meza nzima ikaangua kicheko, na sahani ikaenda kwa mwenyewe. Njoroge akakunjua mikono, akaenda kupanga vikombe.

Alibaki Fondo. Nyevu alimsalimu yeye, akawaulizia wake zake wote wawili kwa majina, akamaliza na ng'ombe wa Mariakani. Fondo alijibu yote, kisha akaagiza sima na samaki, mchuzi kando, chai bila sukari. Akaletewa sima na samaki, mchuzi kando, chai bila sukari. Alikula akamaliza. Feri ilipopiga honi, akainuka na kikapu chake.

"Shemeji, wazee nikawaambie nini?"

"Waambie umeletewa ulichoagiza," Nyevu akasema, akaondoa sahani yake na kupangusa meza.