Kitandiko cha Pikapu na Mguu wa Mapendo

Nakumbuka, mwanangu Neema, asubuhi moja niliposimama katika duka la vipuri pale Mbarara, nikipapasa plastiki nyeusi inayong'aa na kujiona mtu aliyefika. Nakusimulia leo kwa sababu kesho unakwenda mji huohuo kununua kitandiko cha pikapu yako. Mimi ni mjomba wako tu, na sina desturi ya kuingilia mambo ya mtu mzima, lakini hili nisipolisema nitakuwa nimekukosea mara ya pili. Mara ya kwanza ulikuwa bado tumboni mwa mama yako.

Pikapu yangu ilikuwa kuukuu. Niliwabebea watu mahindi na maharage kutoka hapa kambini Nakivale mpaka Mbarara, na wakati wa kurudi nikabeba chumvi, sabuni na mabati. Karosri, ile fasi ya nyuma tunayopakia mizigo, ilikuwa imeliwa na kutu hata barabara unaiona chini. Fundi wangu alikuwa Mzee Salvatori, Mrundi mpole wa kauli na mkali wa macho. Aliziba matundu yote, akafuta mikono, akaniambia, "Sasa nenda utafute mpira wa kutandika hapa, mizigo isikwangue bati. Mpira, umenisikia?" Nikamjibu nimesikia.

Nilikuwa nimesikia kwa masikio ya kwetu. Sisi wa Kivu, kule Kongo, kila kinachopindika tunakiita mupira: gurudumu ni mupira, bomba la plastiki ni mupira, wa kuchezea ni mupira, hata wewe kukiwa na baridi unamwambia mtoto avae mupira wake, yaani sweta. Kwa hiyo muuzaji aliponionyesha vitandiko viwili, sikuona kwamba ni vitu viwili tofauti. Kimoja kilikuwa mkeka mzito, umekunjwa pembeni una vumbi, unanuka gurudumu jipya. Kingine kilikuwa plastiki ngumu iliyofinyangwa kufuata umbo la karosri, laini, inameta.

"Hii nayo ni mupira?" nikauliza, nikishika ile ya kumeta.

"Mupira kabisa, ssebo," akasema muuzaji, akiniita bwana kwa lugha ya kwao. "Hii unamwaga maji tu, uchafu yote natoka."

Hakunidanganya. Nilimuuliza neno, akanijibu neno. Nikaichukua ile plastiki, ikafungwa kwa skrubu, nikarudi nayo Nakivale polepole ili watu waione. Mke wangu Mapendo alipitisha kiganja juu yake, akasema, "Hii inateleza, baba." Nikamcheka. Nikamwambia huo ndio uzuri wake, magunia yatashuka yenyewe na mgongo wangu utapumzika. Kichwa changu wakati ule kilikuwa kigumu, mwanangu, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukigonga.

Haikupita wiki mbili mama yako akashikwa na uchungu. Uchungu wenyewe ulianza vibaya. Mkunga alipompima alisema mtoto amekaa upande, apelekwe Mbarara upesi, na gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kuondoka na mtu mwingine. Wakaja kunigongea. Nyuma ya pikapu nilikuwa na injini ya mashine ya kusaga, nampelekea mtu kwa fundi mjini. Ilikuwa imepakiwa na wanaume wanne, na wale wanaume walikuwa wamekwisha kwenda shambani. Nikasema basi, ibaki. Kamba ilikuwa chini ya kiti changu. Sikuitoa. Nilijiambia kitu kizito namna ile kitakwenda wapi.

Tukatandika godoro, mama yako akalala kichwa kikielekea kwangu mbele, magoti ameyakunja. Mapendo akaketi kando ya miguu yake, na nyuma yao, karibu na mlango wa karosri, ilikaa injini. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na ile plastiki ilikuwa bado na maji. Niliendesha nikiomba. Kila shimo mama yako alilia, na kila alipolia mguu wangu ulikanyaga mafuta zaidi, kwa sababu niliogopa atanifia njiani, naye ni dada yangu wa pekee niliyevuka naye kutoka nyumbani.

Tulikuwa tunashuka kilima nikaona ng'ombe. Unawajua hawa wa Kinyankole, wanavuka barabara kana kwamba ni yao, pembe zimejaa njia nzima. Nikafunga breki. Magurudumu yalishika, pikapu ikasimama vizuri kabisa. Lakini nyuma yangu nikasikia kitu kinateleza. Haikuwa sauti kubwa, mwanangu. Ilikuwa kama mtu anasukuma sufuria mezani. Kisha kishindo, kisha mtu mmoja akapiga kelele mara moja tu.

Sikujua ni nani aliyelia. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Nilikaa nimeshika usukani, ng'ombe wanapita mbele yangu mmoja mmoja, na niliogopa kushuka. Niliogopa kugeuza shingo. Katika kioo nilikuwa naona ukingo wa godoro tu, na godoro halikutikisika. Nilihesabu kwamba wako watatu nyuma, nawe ukiwa wa tatu, na kwamba mimi ndiye niliyewalaza pale. Nimekimbia risasi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuogopa mlango wa gari kama siku ile.

Niliposhuka nilimkuta Mapendo amekaa chini, mguu wake wa kulia ameutanguliza kati ya injini na tumbo la mama yako. Aliona injini inakuja, akaweka mguu. Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti. Alikuwa ameuma kitenge chake.

"Usiniangalie miye," akaniambia. "Funga ile kitu, endesha. Mutoto iko anakuja."

Niliifunga kwa kamba, sasa. Fundo likanishinda mara mbili. Tukafika hospitali, mama yako akapasuliwa, ukatoka mzima, na Mapendo akalazwa wodi nyingine. Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya, kama unavyouona.

Mzee Salvatori alikuja kutazama gari. Alipiga kofi ile plastiki, akasema, "Nilikwambia mpira. Wewe umetandika sahani." Akaanza kufungua skrubu. Tulipoiinua, chini yake palikuwa na maji yaliyolala, kutu mpya, na maharage yaliyopenya pembeni yalikuwa yameota, yana majani meupe. Salvatori akaniuliza, "Kwa nini hukurudi kuniuliza?" Niliona aibu kumuuliza mzee maana ya neno ambalo kila mtoto analijua.

Sasa nakuja kwenye lile baya zaidi. Watu walipouliza mguu wa Mapendo umepatwa na nini, nilijibu, "Vita." Hapa kambini ukisema vita hakuna anayeuliza swali la pili, kila mtu ana yake. Mapendo alisikia akanyamaza, akamwomba na mama yako anyamaze. Ulipokuwa mdogo uliwaambia wenzako kwamba askari walimvunja mguu, nami nilikuwa hapo, nikaendelea kumenya muhogo.

Asubuhi hii nilimwomba ruhusa nikuambie. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akasema, "Umwambie. Miye nilishachoka na ile vita yako."

Basi nisikilize, mwanangu. Chukua mkeka mzito wa mpira halisi, ule unaoshika kiatu, hata kama una sura mbaya. Uwe wa kutoa, ili uukunje, uoshe, uone bati la chini linaendeleaje. Ukiona plastiki laini imefunika kila pembe, iache dukani. Muuzaji akikuambia neno, mwambie akuonyeshe kitu chenyewe, umwagie maji, uweke juu yake dumu lililojaa, uinamishe. Usione haya kuuliza mara tatu. Haya yangu unaiona ikipita uani kila siku ikichechemea. Na hata ukipata mkeka mzuri, mzigo ufunge kwa kamba. Uwe mzito, ufunge. Na mtu na chuma usiwalaze pamoja.

Mungu akutangulie barabarani, ayaone mashimo kabla yako, na wote utakaowapakia wateremke kwa miguu yao. Kesho mpakie Mapendo mbele pamoja nawe, yeye mwenyewe ameomba. Mkifika dukani atavua kiatu akanyage kitandiko kwa ule mguu wake wa kulia. Mguu ukisimama bila kuteleza, nunua.