Misandali Niliyoipa Uhuru

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, kisha naona haya. Ni siku niliyoipa uhuru miche ya msandali ya Papa Alimasi.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mtoto wa wavuvi wa Yanonge, nimekuja Kisangani kumwagilia maji katika kitalu kimoja cha miche kando ya mto Tshopo. Papa Alimasi ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale, Mwislamu wa familia za zamani za mjini, mwembamba, mpole, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikachoka. Miche yote aliipenda, lakini msandali aliupenda kama mtoto wa uzeeni. Mbegu zake alipewa na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, naye alitamani wajukuu wawe na mti wao wa kufukizia nyumba siku za harusi na za msiba. Alijua kabisa kwamba yeye hatauona ukikomaa.

Sasa sikiliza vizuri. Katika kila mkebe, ubavuni mwa msandali, Papa Alimasi alipanda jani fulani jekundu linalotambaa. Sisi tuliliita mwenzake. Kila juma alilipunguza kwa mkasi lisiufunike msandali, lakini hakuling'oa hata siku moja. Nilipomuuliza sababu, alinieleza kwamba mizizi ya msandali hushika mizizi ya mwenzake na kunywa humo, maana peke yake hauwezi kujitafutia chakula chote.

Mwaka huo nchi ilikuwa imepata uhuru. Mjini kila mtu alikuwa anahutubia, hata muuza samaki. Tuliambiwa wanyonyaji wamekwisha, sasa kila mtu atakula jasho lake, na mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Papa Alimasi akaenda Banalia kumzika dada yake, akakaa huko miezi miwili. Nami nikikaa mbele ya mikebe ile niliona dhuluma tupu. Basi nikachukua kisu, nikautenga kila msandali na mwenzake, kila mmoja na mkebe wake, udongo mpya, maji ya kutosha. Kuuliza si ujinga, lakini ningemuuliza nani, na mimi nilikuwa nimekwisha kujua kila kitu?

Aliporudi, misandali ilikuwa ya njano, mingine imebaki vijiti.

"Vero, njo hapa. Nani alifanya hii?"

"Ni mimi, Papa. Hii miti ilikuwa inanyonya ingine. Sasa kila moja iko indépendant."

Akapita akiikagua mikebe mmoja mmoja. Mkebe mmoja tu nilikuwa sijaugusa, kwa sababu mikebe mitupu iliniishia. Akaumimina udongo wake taratibu, akaosha mizizi, akaniwekea kiganjani. Pale mizizi miwili ilipokutana palikuwa na vifundo vidogo kama punje za ulezi.

"Angalia. Huyu mwenzake alikufa? Hapana. Iko na majani, iko na afya. Bon. Nani alikuambia kama kula pamoja iko wizi?"

Hakunifukuza, ingawa angeweza. Alinikalisha chini, tukairudisha misandali kwa wenzake mmoja mmoja, na karibu nusu yake ikapona. Ile iliyokufa aliizika mwenyewe, na nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya shati. Nilimpenda kuanzia siku hiyo. Lakini ujana, mwanangu, unasikia kwa sikio moja tu.

Miaka michache baadaye nilikuwa mke wa Yozefu, karani serikalini, na nina binti wa miezi miwili, Anjela. Waasi wakaingia mjini. Makarani walikuwa wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Yozefu akavuka mto akakimbilia msituni upande wa Yahuma, naye Papa Alimasi akaja kunichukua na mtoto, akatutia nyumbani kwake. Kwa hofu na njaa, maziwa yangu yakakauka.

Binti yake, Zaina, alikuwa ananyonyesha mwanawe Saidi. Alininyooshea mikono nimpe Anjela. Nikakataa! Nikasema merci, maziwa yatarudi. Nikampa mtoto maji ya sukari kwa kijiko. Siku ya pili sauti yake ilikuwa imefifia, akifungua mdomo tu. Papa Alimasi akasimama nje ya pazia.

"Vero, mutoto hana nguvu ya kulia tena. Unangoja nini?"

"Nina haya, Papa. Zaina nitamurudishia nini?"

"Nani alikuomba kitu?" Zaina akadakia. "Leta mutoto, mama, leta."

Nikampa. Anjela akashika ziwa kwa pupa, na Saidi akishika lile jingine, na mimi nikalia kwa furaha na kwa aibu, vyote pamoja. Nyuma ya pazia mzee akasema, "Bon. Sasa Vero, ingia jikoni, umupikie Zaina lituma na samaki. Yeye naye anapashwa kula." Miezi yote ile nilipondaponda ndizi za lituma kwa ajili ya Zaina, na sijawahi kupika kwa moyo kama ule.

Yozefu alirudi akiwa hai, nashukuru Mungu. Kwa desturi ya Kiislamu waliokunywa ziwa moja ni ndugu, na Anjela na Saidi wamekuwa ndugu mpaka mvi. Zaina alipofariki, Anjela alikaa matangani pamoja na watoto wake, na katika Waislamu wale hakuna aliyemuuliza jina lake la ubatizo. Walimwambia tu, pole kwa kufiwa na mama.

Mwanangu, mkono mmoja haulei mwana. Ukipungukiwa, useme mapema, usingoje mtoto anyamaze. Ukisaidiwa, ingia jikoni umlishe anayekubeba. Na akija wa kukuegemea wewe, usimhesabie. Mungu akupe mtu wa kumpelekea mtoto wako siku utakayokauka, na akupe maziwa siku utakapobishiwa mlango.