Bango la Vidoti

Nilikuwa nimechoka wiki ile, lakini kosa ni langu.

Suzana alinitumia picha kwa simu. Alitaka bango la ibada ya kumbukumbu ya marehemu baba yake. Pichani walikuwa wazee wawili wanaofanana.

"Baba ni huyo wa kulia," akaandika.

Kwa akili yangu iliyochoka, nikahesabu kulia kwao badala ya kulia kwangu. Kisha kwenye kompyuta nikaigeuza sura kuwa vidoti vyeusi, vikubwa penye kivuli, vidogo penye mwanga.

Suzana alikuja kulikagua. Ofisi yangu ya Mabatini ni finyu, pua yake ilikaribia kugusa bango.

"Dada, mbona naona vidoti tu?"

"Ukisimama mbali, mzee atatokea mwenyewe," nikamjibu kwa majivuno.

Jumamosi nikalipeleka Magu, nikalitundika kanisani mbele ya waumini, nikaenda kukaa benchi la mwisho. Nikainua macho. Kutoka kule nyuma vidoti viliungana, sura ikatokea safi kabisa. Nikajipongeza.

Ndipo minong'ono ikaanza. Suzana akaziba mdomo kwa kiganja. Benchi la mbele akasimama mzee mmoja, akalitazama bango, kisha akatugeukia. Sura ilikuwa ileile.

"Nani katengeneza hili?"

Nikasimama. "Ni mimi. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Marehemu ni kaka yangu. Mimi bado nipo."