Neno Aliloliandika Celina Ubaoni

Celina alikuwa muuza kuku. Alianza kuuza Kariakoo kabla jengo jipya la soko halijajengwa, na lilipojengwa akashuka na kuku wake chini, Shimoni, akaendelea. Alimshika kuku miguu, akampuliza manyoya ya kifua, akamwambia mteja, "Huyu amebakiza siku mbili afe, usimchukue." Kuku wake mwenyewe. Wenzake walimwona mjinga. Wateja hawakumwacha.

Alikuwa mke wangu. Amefariki mwaka huu, kabla ya Pasaka. Juu ya hilo sina maneno mengi.

Nitaeleza jambo moja alilolifanya mwaka wa sabini na tano.

Tulikuwa tumepanga Mtaa wa Sikukuu, vyumba sita, ua mmoja. Filbert, mtoto wetu wa pekee, alikuwa jeshini. Chumba cha mkono wa kulia alikaa Kuruthumu, mpika vitumbua, mtu wa Lindi. Alikuwa na binti wa darasa la sita, Tatu, na mdogo anayenyonya. Mumewe alikwenda Tanga akanogewa huko. Chumba cha mwisho alikaa Vitalis.

Vitalis nilimleta mimi. Tulikuwa makuli bandarini, zamu moja. Mwaka wa sitini na tisa mzigo wa katani ulikatika kwenye winchi, naye akanisukuma. Marobota yakaanguka pale nilipokuwa nimesimama. Mtu wa namna hiyo ukimtafutia chumba, unaona hujamfanyia kitu. Tulikula sahani moja miaka sita. Hanywi, hagombani. Akirudi kazini ana pipi mfukoni. Daftari la Tatu, penseli ya Tatu. Kuruthumu alisema Mungu amemletea kaka.

Mwaka ule kisomo kilipamba moto. Kila mtu mzima asome. Celina na Kuruthumu walikwenda, jioni, shule ya msingi ya jirani, kwa Mwalimu Angelina, msichana mdogo mwenye sauti ya mtu mkubwa. Mimi nilikataa. Nilisema mkono wangu ni wa gunia.

Basi habari ikaja kwamba mama yake Kuruthumu anaumwa huko Lindi, anamtaka mjukuu. Shule zilikuwa zimefungwa. Kuruthumu ana mtoto mchanga na vitumbua vyake. Vitalis akasema, "Mimi nina likizo, nakwenda Masasi. Nitamfikisha Tatu." Basi linaondoka Jumamosi alfajiri. Ilikuwa mvua, na mvua ikinyesha Rufiji hujaa, watu hulala kivukoni siku moja, hata tatu.

Kuruthumu alisita. Akaniuliza mimi. "Shemeji, unaonaje?"

Nikamwambia, "Mpe. Huyo ni mtu wangu."

Ni maneno yangu hayo.

Alhamisi nilikwenda kumsubiri Celina shuleni, tubebe matenga. Nikakaa nje chini ya dirisha, juu ya tenga tupu. Nilisikia kila kitu.

Mwalimu aliandika neno, akalisoma. Mbuai. Akauliza nani anajua maana yake. Hakuna aliyejua. Akasema, "Mbuai ni mnyama anayeishi kwa kuwinda wanyama wengine na kuwala. Nitajieni."

"Simba."

"Chui."

"Mamba."

"Mume wangu akitoka kazini," akasema mama mmoja wa nyuma. Wakacheka mpaka benchi likalia.

Mzee mmoja akasema, "Mnyonyaji." Mwalimu akasema, "Hapana, mzee. Mnyonyaji ni kupe. Kupe anakaa juu ya ng'ombe anakunywa. Mbuai anachagua mmoja, anamfuata, anamtenga na wenzake."

Hapo nikasikia sauti ya Celina. "Mwalimu, paka je?"

"Paka naye."

"Hata huyu wa ndani, tunayemlisha?"

"Hata huyo, mama."

Mwalimu akasema sasa mtu mmoja aje aandike sentensi yenye neno hilo. Nikasikia Celina anainuka. Namjua kwa kandambili zake. Chaki ikalia ubaoni muda mrefu, maana alikuwa mzito wa kuandika.

Darasa lile lilikuwa na desturi. Chochote kilichoandikwa ubaoni, mwalimu hugonga fimbo, wote husoma kwa pamoja, kipande kwa kipande. Wanasoma kwanza, wanafikiri baadaye. Mwalimu akagonga. Watu thelathini wakapaza sauti.

"Vi. Ta. Lis. Ni. Mbu. A. I."

Mimi sikujua kusoma. Nililipata jina la rafiki yangu kipande kimoja kimoja, kama mtu anayevuliwa nguo. Na ndani ya sauti zile niliitambua ya Kuruthumu, nyembamba. Ilikuwa ikisoma na wenzake, ikakatika katikati ya neno la mwisho.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akasema, "Mama Filbert, nani huyo?"

Celina akasema, "Kuruthumu anamjua."

Kuruthumu akatoka na kitabu kifuani. Alinipita kama hakuniona. Celina alipotoka akamfuata, na Kuruthumu akageuka barabarani akamwambia, "Umenisomesha kwa kinywa changu mwenyewe. Mbele za watu. Mimi ni mama wa namna gani kwako?"

"Mama ambaye nilimwambia mara mbili, akanijibu nina wivu kwa kuwa sina binti," Celina akasema. "Ya tatu nikaona uisome."

Sisi wawili tulibeba matenga, tukarudi. Tulipofika chumbani nikafunga mlango.

"Umelewa?" nikamuuliza.

"Nimelewa lini mimi?"

"Mtu aliyeniokoa unamwita mnyama darasani."

"Wewe nawe nilikuambia. Nilisema Vitalis ana tabia. Ukacheka. Ukasema mwanamume asiye na mke hakosi tabia."

Nikakumbuka. Kweli nilicheka.

"Sikuwa na neno, Baba Filbert," akasema. "Ningesema mkware? Mkware anamtongoza mtu mzima mwenzake, akikataliwa anatukana, anakwenda zake. Ningesema mhuni? Mhuni unamjua tangu kona ya mtaa. Leo mwalimu amesema anachagua mmoja, anamfuata, anamtenga. Nikasema, kumbe lipo."

"Umeona nini?"

"Sijaona. Nimesikia. Tatu huimba akichambua mchele. Ukiingia wewe anaimba. Akiingia balozi wa nyumba kumi anaimba. Akiingia Vitalis ananyamaza. Vifaranga ndivyo walivyo. Mwewe akiwa juu hawalii. Wananyamaza wote mara moja. Mama yangu alinifundisha, kelele usijali, kimya inuka."

Nikamwambia huwezi kumharibia mtu jina kwa kimya cha mtoto. Nikamwambia kesho atamwomba Vitalis radhi mbele ya nyumba nzima.

Akasema, "Kesho kaulize kwanza bandarini. Mimi sitaki ugomvi. Nataka Jumamosi lile basi liondoke Tatu yuko hapa."

Ijumaa nilimfuata Hamis, kiongozi wa zamu yetu. Alifanya kazi Mtwara na Vitalis zamani. Watu walikuwa wanakunywa chai penye kivuli cha winchi.

"Hamis, Vitalis alitokaje Mtwara?"

Akaniangalia. "Kwani hujui?"

"Sijui."

"Mambo ya mtoto wa jirani. Wazee waliyamaliza nyumbani, akaambiwa ahame."

"Mtoto wa kimo gani?"

Hamis akaweka mkono usawa wa kifua chake.

Nikasema, "Mbona hukuniambia?"

"Pius, wewe unakaa naye nyumba moja. Tulidhani unajua."

Wenzetu wanne walikuwa pale na vikombe vyao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni mtoto gani, ni habari gani. Waliendelea kunywa. Wote walikuwa wanaijua. Chai yangu niliiweka chini. Nikaondoka kazini mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Nyumbani nilisema nina homa. Nikakaa uwani kwenye kibao, nyuma ya kanga zilizoanikwa. Kuruthumu alikuwa jikoni na kikaango, hasemi na mtu. Tatu alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele, anaimba. Wimbo wa shule, wa kulima. Balozi akapita kuuliza habari ya mkutano, Tatu anaimba. Muuza maji akaja, Tatu anaimba.

Kisha Vitalis akaingia. Ana begi dogo jekundu, jipya.

"Tatu," akasema kwa upole. "Begi lako la safari hili."

Wimbo ukakatika.

Kuku wa Celina waliendelea kudonoa. Walimzoea, alikuwa akiwarushia mahindi. Mtoto peke yake ndiye aliyenyamaza. Nikatazama mikono yake. Ilikuwa ikienda kama kawaida, lakini alikuwa anatupa mchele na kuacha mawe.

Miaka sita nimekaa uwani mle. Kimya kile kilikuwapo siku zote.

Vitalis alipoliacha begi pale akaingia chumbani mwake, Celina akamwita Tatu kwenye banda la kuku. Akamuuliza huku amempa mgongo, anaokota mayai.

"Unataka kwenda Lindi?"

"Nataka kumwona bibi."

"Na mjomba Vitalis?"

Kuruthumu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi.

"Amesema nikimwambia mama kitu chochote, Baba Filbert atatufukuza," Tatu akasema. "Amesema nyumba ni ya Baba Filbert, na wao ni ndugu."

Baba Filbert ni mimi. Nyumba haikuwa yangu. Nilikuwa mpangaji kama wao. Alimfunga mtoto kwa jina langu, na mimi nikitoka asubuhi mtoto ananiambia shikamoo, nami naitika marahaba, nashika njia.

Kuruthumu hakupiga kelele. Alitoa kikaango motoni kwanza. Akamvuta mwanawe, akamweka nyuma yake. Kisha akalichukua lile begi jekundu, akaliweka mlangoni kwa Vitalis, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kumwagika.

Nikaingia mle chumbani.

"Huendi na mtoto," nikamwambia.

Akatabasamu. "Mkeo amejua herufi tano, sasa anakusomea wewe."

"Yule mtoto wa Mtwara ulimfanya nini?"

Tabasamu likaondoka. Hakuuliza mtoto gani. Akasema, "Pius, nilikutoa chini ya katani."

"Ulinitoa."

"Sasa?"

Nilibeba godoro lake, nikalitoa hadi barabarani. Akalifuata, na sanduku lake, na hakuaga.

Nilidhani yamekwisha. Nikarudi uwani, nikamwambia Celina ameondoka.

"Amekwenda wapi?"

"Sijui. Ameondoka."

"Mwewe ukimfukuza kwa kanga anakwenda uwani kwa jirani. Mtwara walifanya hivyohivyo. Ndiyo maana alikuja kwetu."

Akachana karatasi kwenye daftari, lilelile Vitalis alilomletea Tatu. Akakaa kwenye kibao changu. Aliandika mistari minne, akaimaliza taa zikiwashwa. Ilikuwa barua yake ya kwanza duniani. Akanisomea. Jina la Vitalis, jina la Mtwara, kwamba mtoto ametishwa, na mwisho neno lile.

"Weka jina lako chini," akasema. "Jina lako ndilo alilolitumia."

Sikujua kuliandika. Akachukua masizi ya kikaango cha Kuruthumu, akanipaka kidole gumba, nikakandamiza.

Basi la Lindi lilipoondoka Jumamosi, sisi tulikuwa kwa balozi, na balozi akatupeleka polisi. Askari aliisoma barua. Alipofika mwisho akasimama. "Hili ni neno gani, mama?"

"Ndiye yeye," Celina akasema. "Soma tu, baba."

Walimpata wiki iliyofuata, Buguruni. Alikuwa amepata chumba kwenye nyumba yenye mabinti watatu. Mmoja wao alikuwa tayari ana penseli mpya. Niliposikia hiyo penseli nilikaa chini, palepale kituoni, kwenye sakafu. Askari akanipa maji.

Hamis alikwenda kueleza ya Mtwara. Hakutaka, nilikwenda naye nimemshika mkono. Vitalis akafungwa.

Kuruthumu alikwenda Lindi mwenyewe na wanawe wote wawili. Kwa wiki mbili Celina aliwapikia wateja wa Kuruthumu vitumbua. Viliungua nje, ndani vibichi. Walivila kwa heshima. Na Jumatatu ya baada ya kwenda polisi mimi nilikwenda kisomo, nikakaa benchi la nyuma, mtu mzima na kidole chake chenye masizi bado ndani ya kucha.

Juu ya kuku Celina alizungumza maisha yake yote. Juu ya siku zile hakuzungumza tena. Nilimuuliza mara moja tu, tumekwisha zeeka, kama alinisamehe kile kicheko. Akasema, "Kipi?" Sijui kama alisahau au alinionea huruma.

Tatu alikuja kwenye msiba kutoka Lindi. Sasa ni mama wa watoto wanne, mnene, ana meno ya dhahabu mawili. Siku ya tatu alikaa uwani na wanawake, ungo mapajani, anachambua mchele wa wageni. Alikuwa akiimba chinichini bila kujijua.

Nilitaka kwenda msalani, na njia ilipita mbele yake. Nikasimama kwanza, naogopa kupita. Kisha nikapita.

Hakunyamaza.