Amina ya Mama wa Ndagala

Juzi, hapa Rohero, nilipanda lori la mizigo la kwenda Muramvya, kule milimani. Mvua ilikuwa imeanza. Sisi abiria wa juu ya magunia husali kabla ya kuondoka, na mimi ndiye niliyeombwa kuongoza. Nikafumba macho, nikasali. Wote wakajibu amina, isipokuwa mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mtoto mgongoni.

"Mama, mbona hujibu?" dereva akamuuliza kutoka chini.

"Mipira ya magurudumu ya nyuma imeisha meno, iko laini kama yai. Mi siitikii amina juu ya hiyo."

"Jana ilinifikisha Uvira na kunirudisha!"

"Uvira ni tambarare, na jana ilikuwa vumbi. Leo ni matope ya mlima wa Bugarama. Na hii mipira mipya ninayokalia huku juu inangoja nini, Pasaka?"

"Ile ni ya kiangazi. Matope itaiharibu."

Tukacheka. Mama hakucheka.

"Kama unaogopa, shuka," dereva akasema. "Ndagala yako italowa."

"Ilowe! Ziwa iko na zingine. Mutoto niko naye huyu mumoja."

Akashuka na kapu lake. Mimi niliyesali bila kutazama magurudumu nikamfuata kwa aibu, kisha wote wakashuka. Dereva akabaki na magunia yake, akaguna, akatafuta jeki.

Mipira ilipobadilishwa tulikuwa tumelowa chapachapa, ndagala pia. Mama akapanda, akanitazama: "Sasa sali, muzee."

Ndugu msomaji, amina ni mali yako. Usimpe mwenye lori kabla hujainama kutazama mipira yake.