Jicho la R

Juzi jirani yangu hapa Lindi alipaka geti lake rangi nyekundu, na kwa kuwa rangi ilikuwa nzito aliizimua kwa mafuta ya taa. Harufu ikaruka ukuta, ikanikuta nafua uani. Niliziacha nguo kwenye beseni nikakaa chini. Sijui wewe unayenisoma utoto wako una harufu gani. Wangu unanuka hivyo: rangi, mafuta ya taa, na chini yake moshi wa maganda ya korosho, ule unaowasha macho na kung'ang'ania nywele hata ukioga vipi.

Mama alikuwa akiuza korosho. Tuliishi Nangurukuru, pale njia ya Kilwa inapokutana na barabara kuu, na mabasi mengi yalisimama hapo. Mjomba Saidi, kaka yake Mama, alileta korosho kutoka Mtama. Mama alizikaanga, akazibangua, akazitia kwenye mifuko ya kaki na kuzipeleka madirishani kwa abiria. Wauzaji walikuwa wengi, na abiria hana nafasi ya kuuliza nani kaunguza na nani hakuunguza. Ndipo Baba akasema mifuko ya Mama iwe na jina. Jina likawa langu, Riziki.

Baba alikuwa mchora mabango, na mwenye maringo yake. Herufi zilizonyooka alizidharau. Alisema hizo ni za magunia ya saruji. Zake zilikuwa na mikia na vikonyo, na wengine walilalamika kwamba duka lao halisomeki, lakini hakuna aliyemwambia afute. Kwa ajili ya mifuko alichukua picha kuukuu ya eksirei, akaikata kwa wembe ikawa stensili: unailaza juu ya karatasi, unagonga rangi, unaiinua, jina limebaki. Ukiiweka kwenye mwanga uliona mbavu za mtu tusiyemjua zikipita katikati ya jina langu. Nilikataa kulala nayo chumba kimoja, na Baba akanicheka mpaka akakohoa.

R ndiyo iliyokuwa fahari yake. Mkia wake ulipita chini ya herufi nyingine zote, ukajikunja mwishoni kama ndoana. Aliiacha mwisho, akaikata asubuhi ile aliyokuwa anasafiri kwenda kisiwa cha Songo Songo, alikopata kibarua cha kupaka rangi mabomba. Mashua ilikuwa inamsubiri Kivinje, maji ya bahari yalikuwa yanakupwa, na rafiki yake alikuwa nje anapiga honi ya pikipiki. Kwa haraka hiyo akasahau jambo ambalo mkata stensili hasahau: kuacha vidaraja vya kulishika jicho la R, kile kipande kinachozuia tundu lake la juu lisijae rangi. Wembe ulipomaliza kuzunguka, jicho likadondoka mkekani.

Baba hakukasirika. Aliliokota, akaliweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole.

"Mama akipaka, wewe lishike hapo katikati kwa kidole," aliniambia. "Nikirudi nitaikata upya."

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Alasiri, jua likishapungua uani, Mama alitandika mkeka, mdogo wangu Hamisi akiwa mgongoni, na mimi nikaketi mbele yake. Alilaza stensili juu ya mfuko. Mimi nikaweka jicho mahali pake na kulikandamiza. Mama akagonga rangi taratibu kwa kipande cha sponji ya godoro, akikizungukia kidole changu. Hatukuongea sana. Nilisikia pumzi yake na pumzi ya Hamisi, na nikihema kwa nguvu Mama alisema, "Tulia, linahama." Lakini lilihama. Halikukaa sawa hata mara moja. Mara limeinamia kushoto, mara limeshuka, na ukingo wake umechafuka. Kidole changu kilikuwa chekundu wakati wote, na mwalimu wa madrasa alitaka kujua ni harusi ya nani hiyo inayotiwa hina kidole kimoja.

Kila basi lilipopiga breki stendi, mkono wa Mama ulisimama hewani. Alisikiliza kidogo, kisha akaendelea. Mimi nilidhani anapiga hesabu ya abiria.

Mwanzoni salamu za Baba zilikuja na watu wa mashua, na mara moja zilikuja na pweza mkavu aliyefungwa kwenye gazeti. Baadaye tukasikia kazi ya kisiwani imekwisha na yeye ameonekana Mtwara. Baadaye tena mtu akasema amevuka kwenda Msumbiji. Baada ya hapo watu walipokuja kwetu walinunua korosho, wakazungumzia mvua.

Mjomba Saidi hakuwa mtu wa kuvumilia kitu kibovu. Siku moja aliitazama ile stensili na kidole changu, akatikisa kichwa.

"Dada, nipe sindano na kipande cha waya," alisema. "Hii naishona sasa hivi, mtoto akacheze."

"Iache, kaka."

"Itakuwa hivi mpaka lini?"

"Aliyeikata atakuja kuitengeneza," Mama alisema, na akamwongezea chai ambayo hakuiomba.

Kisha ikafika siku nilipotoka shule nikaikuta stensili imening'inia msumarini, na kwenye R umepita waya mwembamba, huku na huku, umeshonwa kwa ustadi. Jicho lilikuwa limetulia katikati kabisa. Mama alikuwa anachochea moto, mgongo wake umenielekea.

"Leo sina kazi na wewe," alisema. "Nenda kacheze."

Niliruka kwa furaha. Nilicheza rede mpaka adhana ya magharibi, na nilishinda. Siku chache baadaye nilimwona Mjomba Saidi amevaa viatu vya Baba, nikafikiri tu kwamba vinambana.

Sasa Hamisi, yule wa mgongoni, ni baba wa watu na ndiye anayeiendesha biashara ya Mama. Mwaka huu alitaka nembo ya kisasa. Kijana mmoja wa Dar akamtengenezea kwenye kompyuta, kwa herufi za mapambo zenye maua, nzuri kwa kweli, na mkia wa R unapita chini ya jina zima. Hamisi akanitumia kwenye simu niseme neno. Niliitazama muda mrefu, nikashindwa kuipenda, nikajua tatizo liko wapi. Nikampigia yule kijana. Nikamwomba asiguse herufi nyingine yoyote, ila jicho la R alishushe kidogo, alilaze kushoto, na ukingo wake asiunyooshe.

"Dada, watu wataona kama limekosewa," alisema kwa adabu.

"Lilikosewa," nikamwambia. "Liache hivyo."

Harufu ya geti ndiyo iliyonipandisha basi kwenda Nangurukuru. Nilimkuta Mama barazani, nikampa shikamoo, nikamwekea simu mapajani, ile nembo iliyorekebishwa ikiwa kwenye kioo. Hawezi kusoma haraka siku hizi, macho yamechoka, lakini R aliitambua kabla sijasema kitu. Aliisogeza karibu na uso.

"Waya uko wapi?" aliuliza.

"Hii ni ya kabla ya waya, Mama."

Barabarani basi likapunguza mwendo, likasimama, likaondoka.

"Siku ile niliyotia waya," alisema, "nilikuwa nimechoka kusikiliza mabasi."

Nilikuwa na miaka yote hii, nina watoto wangu, na bado nilikuwa sijaijua siku ile. Niliikumbuka kwa rede. Mama alikaa na sindano peke yake akaifunga ahadi ya mumewe, halafu akageukia moto nisimwone uso, akanipa ruhusa ya kucheza. Nilitamani kurudi pale uani niketi mbele yake, nikae kimya, nimpe kidole changu.

Mama aligusa jicho la R kwa kidole chake mara mbili, na simu, kama simu zilivyo, ikalikuza likajaa kioo kizima. Hakukiondoa.

"Mwambie Hamisi achapishe hii," alisema. "Waya msiutie."